Viza ya utalii: Jinsi kijana mwenye ajira anavyoweza kuandaa ombi thabiti

Na MWANDISHI WETU

VIJANA wengi wa Kenya walioajiriwa hujinyima kwa miezi na miezi ili siku moja wajionee Paris, Rome au Amsterdam. Baadhi yao safari hukomea kwenye dirisha la kupokea pasipoti, ambako hukabidhiwa bahasha yenye fomu iliyotiwa alama katika kisanduku kimoja au viwili: ombi limekataliwa.

Ada aliyolipa mwombaji hairejeshwi. Likizo aliyoombwa mwajiri aidhinishe huwa haina kazi tena. Isitoshe, kukataliwa huko huhifadhiwa katika kumbukumbu zitakazosomwa siku atakayoomba tena.

Si wote wanaokataliwa huwa na nia mbaya. Kuna wenye kazi halali na akiba yao wenyewe ambao hawakujua stakabadhi zao zinasomwa vipi. Makala haya yanaeleza maandalizi ya ombi la viza ya utalii kwa mfanyakazi kijana, hasa viza ya Schengen ya kuzuru Ulaya, kwa kuwa kanuni zake zimeandikwa na zinatumika katika mataifa 29. Tofauti za Uingereza na Marekani zitaelezwa baadaye.

Swali analojiuliza afisa

Afisa wa ubalozi anayefungua faili ya mtalii hutafuta majibu ya maswali matatu. Je, safari hii ni ya utalii kweli? Je, mwombaji ana fedha za kuigharamia? Na je, atarudi nyumbani muda wake utakapokwisha?

Swali la tatu ndilo humwelemea kijana. Mtu wa miaka 50 huenda na hatimiliki ya shamba, familia na pasipoti iliyojaa mihuri. Kijana wa miaka 25 hana mengi ya hayo. Alichonacho ni kazi, mshahara na rekodi fupi ya maisha ya utu uzima.

Kwa hivyo nguvu ya ombi lake hutokana na jinsi stakabadhi zake zinavyokubaliana. Barua ya mwajiri ikitaja mshahara fulani, hati ya mshahara ionyeshe kiasi hicho hicho, benki nayo ionyeshe fedha hizo zikiingia mwezi baada ya mwezi. Tarehe za likizo zilingane na za tiketi, na za tiketi zilingane na za hoteli na za bima. Panapotokea tofauti isiyoelezwa, shaka huingia.

Kanuni za Schengen kwa ufupi

Utoaji wa viza hizi huongozwa na Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka wa 2009 na kufanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2020. Viza ya muda mfupi humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Haimruhusu kufanya kazi.

Ombi huwasilishwa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 tangu ombi lipokewe rasmi, ingawa muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45 pale uchunguzi zaidi unapohitajika. Atakayengoja hadi wiki ya mwisho atakuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Ada ya mtu mzima ilipandishwa kutoka yuro 80 hadi 90 mnamo Juni 11, 2024. Balozi nyingi jijini Nairobi hupokea maombi kupitia kampuni za kibinafsi, mathalan VFS Global, ambazo hutoza ada yao ya huduma. Kwa kawaida ada hiyo haipaswi kuzidi nusu ya ada ya viza. Ifahamike kwamba kampuni hizo hupokea karatasi na alama za vidole tu. Hazina mamlaka ya kukubali wala kukataa ombi.

Ombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari. Atakayekaa siku tano Ufaransa, tatu Italia na mbili Uhispania aombe kwa Wafaransa. Siku zikiwa sawa katika nchi zote, aombe katika ile atakayoingia kwanza. Kukimbilia ubalozi unaosemekana kuwa rahisi, hali safari ni ya kwingine, ni kosa linaloonekana mara moja katika ratiba.

Pasipoti iwe imetolewa katika kipindi cha miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika kwa miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya.

Barua ya mwajiri

Hii ndiyo stakabadhi ya kwanza ambayo mfanyakazi kijana anapaswa kuishughulikia. Barua ya mistari miwili isemayo kwamba fulani ni mfanyakazi wetu haitoshi.

Barua nzuri huandikwa kwenye karatasi rasmi ya kampuni na kutaja cheo cha mfanyakazi, tarehe aliyoajiriwa, aina ya mkataba wake na mshahara wake. Hutaja pia tarehe ambazo likizo inaanza na kumalizika, na kueleza wazi siku anayotarajiwa kurejea kazini. Mwisho huwa na jina, cheo, sahihi na nambari ya simu ya aliyeiandika.

Nambari hiyo iwe ya mtu anayejua habari za safari. Afisa wa ubalozi anaweza kupiga simu. Mpokezi wa simu akisema hamjui mfanyakazi huyo, au hajasikia lolote kuhusu likizo, kazi yote itakuwa imeharibika kwa sababu ya kutoarifiana.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila anapotimiza miezi 12 ya utumishi. Sheria hiyo pia humtaka mwajiri kumpa mfanyakazi taarifa ya mshahara inayoonyesha malipo na makato. Mwombaji aambatishe taarifa hizo za miezi mitatu hadi sita pamoja na nakala ya mkataba.

Aliye katika kipindi cha majaribio kazini afikirie kusubiri. Afisa atajiuliza ni kazi gani itakayomrudisha mtu ambaye bado hajathibitishwa. Mwaka wa kwanza wa ajira ni wa kujenga rekodi. Wa pili unaweza kuwa wa kusafiri.

Akaunti ya benki

Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa. Mtu huambiwa na marafiki kwamba ubalozi hupenda akaunti iliyonona. Basi huazima Sh300,000 kwa jamaa, huziweka benki siku tano kabla ya kuomba, kisha huchapisha taarifa ya akaunti.

Afisa hasomi salio la mwisho pekee. Husoma miezi yote iliyotangulia: mshahara unaoingia, kodi ya nyumba inayotoka, akiba inayobaki. Akaunti ambayo kwa nusu mwaka haikuwahi kuzidi Sh15,000, kisha ghafla ikapokea mamia ya maelfu, humwambia kwamba fedha hizo si za mwombaji. Salio dogo lililojengwa polepole huaminika kuliko donge lililodondoka usiku mmoja.

Hata hivyo, si kila kiasi kikubwa ni cha hila. Kijana anaweza kupokea mkopo wa Sacco, fedha za chama zamu yake ifikapo, au malipo ya gari aliloliuza. Katika hali hiyo aandike maelezo mafupi na kuambatisha ushahidi: barua ya Sacco, taarifa ya chama au mkataba wa mauzo.

Anayeweka akiba yake katika Sacco au hazina ya uwekezaji aombe taarifa rasmi kutoka huko pia. Vivyo hivyo, anayepokea sehemu kubwa ya mapato yake kwa M-Pesa anaweza kuomba taarifa ya miezi sita au mwaka mzima na kuiambatisha kama nyongeza ya ile ya benki. La msingi ni kwamba benki iwe njia kuu ya fedha zake, na aanze mapema kuzipitisha huko.

Safari ilingane na mfuko

Ulinganifu huo wa stakabadhi huanzia katika ukubwa wa safari yenyewe. Kila nchi ya Schengen huweka kiwango chake cha fedha ambazo mgeni anapaswa kuwa nazo kwa siku. Ufaransa, kwa mfano, imekuwa ikitumia yuro 65 kwa siku kwa mgeni aliyekwisha kuhifadhi chumba cha hoteli, na yuro 120 kwa asiye na hoteli.

Tuchukue mfano wa kijana anayebakiwa na mshahara wa Sh60,000 mkononi na kuweka akiba ya Sh20,000 kila mwezi. Anataka kukaa Ufaransa siku 10. Kwa kadirio la Sh150 kwa yuro moja, matumizi ya siku hizo ni yuro 650, yaani Sh97,500. Hoteli ya yuro 50 kwa usiku mmoja, kwa usiku tisa, ni Sh67,500. Tuseme tiketi ni Sh95,000, na ada za viza, huduma na bima kwa jumla ni Sh25,000. Jumla kuu ni Sh285,000.

Akiba yake itafikia kiasi hicho katika mwezi wa 15. Iwapo hawezi kungoja hivyo, siku sita badala ya 10 zitapunguza gharama hadi karibu Sh216,000, kiasi ambacho atakifikia kwa miezi 11.

Kijana huyo akiomba siku 30 katika nchi nne, afisa ataona jambo lisilowezekana kwa mshahara ule. Akiomba siku sita au 10, anaona mfanyakazi anayetumia sehemu ya likizo yake. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, safari ya siku 10 hula siku zisizozidi nane za kazi. Hilo linaaminika.

Asiye na mwajiri

Vijana wengi wa Kenya wamejiajiri: fundi mwenye karakana, mwenye duka la mtandaoni, mpiga picha za harusi, msusi. Hao pia wanaweza kuandaa ombi zuri, ila mzigo wa kuthibitisha mapato uko mabegani mwao.

Stakabadhi zinazofaa ni cheti cha usajili wa biashara, kibali cha biashara kutoka kaunti, taarifa ya benki ya biashara, ankara na mikataba ya wateja, pamoja na ushahidi wa kuwasilisha marejesho ya kodi kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Aeleze pia ni nani atakayeendesha biashara akiwa safarini, na ni kazi gani zinazomngoja akirejea. Mpiga picha aliye na mkataba wa harusi wiki mbili baada ya tarehe ya kurudi ana sababu ya kurudi iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Hata aliyeajiriwa atafaidika na marejesho ya kodi, ambayo tarehe ya mwisho ya kuyawasilisha ni Juni 30 kila mwaka, pamoja na rekodi za michango yake ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Rekodi hizi haziwezi kutungwa kwa wiki moja, na ndiyo sababu zina uzito.

Yanayomrudisha nyumbani

Kijana asiye na shamba wala mtoto asihofu kwamba hana cha kuonyesha. Anayesomea shahada jioni aambatishe barua ya chuo inayoonyesha muhula unaofuata. Muuguzi, mwalimu au mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake aonyeshe cheti hicho. Mwenye mkataba wa nyumba, au anayewalipia wadogo zake karo, ana risiti za kuthibitisha.

Lisilofaa ni kujipachika mali ya wengine. Hatimiliki yenye jina la baba ni mali ya baba. Inaweza kuelezwa kama mali ya familia, lakini ikiwasilishwa kana kwamba ni ya mwombaji, yeye ndiye atakayepoteza imani ya afisa.

Haya yote yanaweza kufupishwa katika barua ya maelezo ya ukurasa mmoja. Itaje ni nani anayesafiri, anakwenda wapi na lini, nani analipa, anafanya kazi gani, na atarudi kazini siku gani. Lugha iwe ya kawaida. Afisa hahitaji kusimuliwa jinsi mwombaji alivyoipenda Ulaya tangu utotoni.

Tiketi, hoteli na bima

Kinachohitajika wakati wa kuomba ni uthibitisho kwamba nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi imehifadhiwa. Si busara kulipia tiketi isiyorejeshewa fedha kabla ya viza kutolewa. Hata hivyo, nafasi hiyo iwe ya kweli, maana inaweza kukaguliwa. Hoteli nazo ziwe za kila usiku wa safari bila pengo. Hoteli aliyoihifadhi kisha akaifuta siku ya pili baada ya kuwasilisha karatasi ni hatari asiyoihitaji.

Bima ya usafiri ni sharti. Lazima igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurejeshwa nyumbani kwa mgonjwa au maiti, kwa kiasi kisichopungua yuro 30,000. Ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Kosa la kawaida ni bima inayoanza siku moja baada ya kuwasili, au inayokwisha siku moja kabla ya kuondoka.

Pasipoti tupu

Pasipoti mpya isiyo na muhuri si sababu ya kukataliwa peke yake. Hata hivyo, safari za awali huonyesha kwamba mwombaji amewahi kuvuka mpaka na kurudi kwa wakati.

Mkenya anaweza kuanzia karibu. Hahitaji viza kwenda Tanzania, Uganda wala Rwanda. Tangu Januari 1, 2023, Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa jumla ya siku 90 kwa mwaka. Anayekwenda Uganda au Rwanda anaweza kutumia kitambulisho, utaratibu ulioanza mwaka wa 2014, lakini kitambulisho hakigongwi muhuri. Mwenye azma ya kwenda mbali abebe pasipoti hata anapokwenda Kampala kwa basi, nayo igongwe mpakani.

Ulaya yenyewe humtuza mgeni mwaminifu. Aliyepata na kutumia vyema viza tatu za Schengen katika miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Akiitumia hiyo ipasavyo hufuata ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano. Viza ya kwanza, hata ikiwa ya siku saba, ni msingi wa zile zitakazofuata.

Jamaa aliye ng'ambo

Mwenye dada au rafiki Ulaya anaweza kulala kwake na kupunguza gharama. Lakini mwaliko huwa na taratibu zake. Ufaransa hutaka hati ya mapokezi ambayo mwenyeji huiomba katika ofisi ya meya wa mji wake. Ujerumani ina hati ya dhamana ambayo mwenyeji huitia sahihi mbele ya ofisi inayoshughulikia wageni, akikubali kubeba gharama.

Udugu huo usifichwe. Fomu ikiuliza kuhusu mwenyeji au jamaa walioko huko, jibu liwe la kweli. Dada aliyefichwa kisha akagunduliwa hugeuka ushahidi dhidi ya mwombaji.

Marekani na Uingereza

Kwa Marekani, mwombaji hujaza fomu ya DS-160 mtandaoni na kufanyiwa mahojiano katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji humchukulia kila mwombaji wa viza ya utalii kuwa ni mhamiaji hadi yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo.

Mahojiano huwa mafupi, na afisa anaweza asiguse faili nzima aliyobeba kijana. Majibu ya mdomo na yaliyoandikwa kwenye fomu ndiyo hupimwa, kwa hivyo mwombaji aijaze mwenyewe na aikumbuke. Tangu 2019, fomu hiyo huuliza pia akaunti za mitandao ya kijamii. Ada ilipandishwa hadi dola 185 mnamo Juni 2023, na sheria ya Julai 2025 iliidhinisha ada ya ziada ya dola 250. Ni vyema kuthibitisha kiwango kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa.

Uingereza haimo katika Schengen, na viza ya Ulaya haimfikishi mtu London. Ombi lake hujazwa mtandaoni si mapema kuliko miezi mitatu kabla ya safari, na viza ya kawaida ya mgeni huruhusu kukaa hadi miezi sita. Ada yake ilipanda hadi pauni 127 mnamo Aprili 2025. Waombaji wengi hawahojiwi ana kwa ana, kwa hivyo stakabadhi ndizo husema kwa niaba yao. Tofauti kati ya mapato yaliyotajwa kwenye fomu na yaliyo katika benki ikiachwa bila maelezo, hakuna atakayepata nafasi ya kuifafanua baadaye.

Jihadhari na matapeli

Palipo na hamu ya kusafiri hapakosi walaghai. Kuna wanaodai kuwa na 'mtu wa ndani' ubalozini, wanaouza barua za kazi za kampuni asizowahi kuzifanyia kazi mwombaji, na wanaotengeneza taarifa za benki kwa kompyuta.

Hakuna wakala anayeweza kuhakikisha viza. Wakala halali hupanga hoteli na tiketi, hueleza taratibu na hutoa risiti. Anayeahidi matokeo na kutaka malipo kwa simu ya kibinafsi akimbiwe.

Mwenye kubeba adhabu ni yule ambaye jina lake liko kwenye fomu. Uingereza inaweza kumfungia nje kwa miaka 10 mwombaji aliyetumia udanganyifu. Marekani inaweza kumzuia maisha yote aliyesema uongo kuhusu jambo la msingi. Nchini Kenya, kughushi hati ni kosa ambalo adhabu yake ya kawaida katika Kanuni ya Adhabu ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii huishia mahali pabaya.

Ombi likikataliwa

Aliyekataliwa asikimbilie kuomba tena kesho yake kwa karatasi zile zile. Kwa Schengen, barua ya kukataa hutaja sababu: pengine lengo la safari halikuthibitishwa, fedha hazikutosha, au pana shaka ya haki kuhusu nia ya kuondoka. Kila sababu ina tiba yake, nayo si moja.

Lengo likiwa ndilo tatizo, ratiba na hoteli zirekebishwe. Fedha zikiwa ndizo tatizo, safari ifupishwe au akiba ingojewe. Shaka ikiwa ni kuhusu kurudi, huenda kinachohitajika ni mwaka mmoja zaidi kazini na safari moja au mbili za karibu.

Mwombaji wa Schengen ana haki ya kukata rufaa chini ya sheria ya nchi iliyomkataa, na barua hueleza utaratibu na muda wake. Rufaa inafaa pale ambapo stakabadhi iliyotakiwa ilikuwemo na haikuzingatiwa. Kwa viza ya utalii ya Marekani hakuna rufaa chini ya kifungu cha 214(b). Lililopo ni kuomba upya hali ya mwombaji ikiwa imebadilika.

Katika ombi linalofuata, akiulizwa kama amewahi kukataliwa, akubali. Taarifa za maombi ya Schengen huhifadhiwa kwa hadi miaka mitano katika mfumo unaosomwa na nchi zote wanachama. Kukataliwa kunaelezeka, kukuficha ni vigumu kukueleza.

Ratiba ya maandalizi

Kwa kijana anayeanza leo, mpangilio ufuatao unaweza kumfaa:

Mwaka mmoja kabla: Afungue akaunti ya akiba, apitishe mshahara benki, aangalie muda wa pasipoti, na awasilishe marejesho ya kodi.

Miezi sita kabla: Achague nchi na idadi ya siku kulingana na akiba. Azungumze na mwajiri kuhusu likizo. Akiweza, afanye safari fupi katika nchi jirani kwa pasipoti.

Miezi mitatu kabla: Atafute miadi ya kuwasilisha ombi, kwa kuwa nafasi hujaa hasa kuelekea Julai na Desemba. Ahifadhi ndege na hoteli, anunue bima.

Wiki moja kabla ya miadi: Achukue barua ya mwajiri na taarifa mpya ya benki. Apange karatasi zote mezani na kusoma tarehe, majina na viwango vya fedha kimoja kimoja. Amwombe rafiki asiyejua habari za safari hiyo azisome pia. Rafiki akiuliza swali, afisa naye ataliuliza.

Viza ikitoka, aikague: jina, tarehe, idadi ya siku na mara za kuingia. Abebe nakala za stakabadhi zote mkononi, kwa kuwa afisa wa mpakani ana mamlaka ya kumhoji upya na hata kumrudisha. Aidha, mfumo mpya wa Ulaya wa kunakili alama za vidole na picha za wageni wanaoingia na kutoka ulianza kutumika kwa awamu Oktoba 12, 2025, hivyo anayepitisha siku zake hujulikana bila kuhesabiwa mihuri.

Kijana atakayerejea siku aliyoiandika kwenye fomu na kuketi tena kwenye dawati lake Jumatatu asubuhi atakuwa amemjibu afisa swali lile la tatu, na jibu hilo litamsubiri katika faili yake atakapoomba tena.